Jumatano ya Meno

Cherehani ya mama ilikuwa inalia tangu asubuhi. Alikuwa anashona sketi za sare za shule. Binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Njiti kwa wembamba wake, alikuwa anapachika vifungo.

Miezi miwili iliyopita, Njiti alisimama kona kuwaangalizia njia wenzake walipovunja kioo cha duka la fundi simu. Wenzake walitimua mbio. Yeye akakamatwa. Mahakama haikumfunga. Ilimruhusu akae nyumbani kwa miezi sita chini ya uangalizi. Kila Jumatano saa mbili asubuhi alitakiwa kuripoti kwa afisa ustawi wa jamii.

Mama aliimeza aibu hiyo kama dawa chungu. Shuleni alipeleka barua kwamba binti anatibiwa meno kila Jumatano. Shemeji yake mwashi, baba mdogo wa Njiti aliyeishi nao, yeye aliambiwa tu kwamba kesi imekwisha.

"Hodi humu!"

Aliingia afisa ustawi mwenyewe, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi.

"Mama, binti hajaripoti mara mbili. Akikosa ya tatu, lazima nirudishe faili mahakamani. Huenda akapelekwa kituo cha kurekebisha tabia, mbali na nyumbani."

Mguu wa mama ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. "We mtoto! Mimi natoka alfajiri kufuata vitambaa, najua umekwenda!"

"Ile ya kwanza kulikuwa na mtihani wa hesabu," Njiti alijibu kwa sauti ndogo. "Mwalimu alisema asiyefanya atarudia darasa. Na jana baba mdogo alinifungia ndani."

"Nilimfungia, ndiyo!" Baba mdogo alitokea chumbani, mikono ina saruji. "Namwona anatoka bila sare. Nikasema huyo, anawarudia wahuni wake. Ningejuaje? Mimi niliambiwa kesi imekwisha!"

Mama akainamisha kichwa.

Afisa hakugomba. Aliinua kipande cha sketi. "Mama, wewe ukate mbele, mwingine akate nyuma, na msiambiane kipimo. Itatoka sketi?"

"Litatoka gunia."

"Basi ndivyo mnavyomlea. Wote mnampenda, lakini kila mtu anakata kwa kipimo chake. Hata mimi sikuuliza ratiba ya shule. Tukae pamoja, na mwalimu awepo."

"Na aibu yangu je?"

"Kesi ya mtoto haitangazwi. Watajua wale tu wanaomshughulikia kila siku."

Ijumaa walikutana hapo hapo, kati ya marundo ya vitambaa. Mama alisimama mbele ya mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, nilikudanganya. Si meno. Ni mahakama."

Mwalimu alishusha pumzi. "Dada yangu, kufika wiki ya tano nilianza kujiuliza mtoto huyu ana meno mangapi. Hata mamba angekuwa amepona!"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Ungeniambia mapema, mtihani ningempa Alhamisi," mwalimu alisema.

Afisa alichukua chaki ya mama, akachora siku saba kwenye mlango wa kabati. Jumatano akaisogeza hadi saa kumi, baada ya masomo. Mwalimu akaahidi kumtoa kwa wakati. Baba mdogo akasema, "Na mimi badala ya kufunga mlango, nitamsindikiza."

Kisha afisa akamgeukia Njiti. "Na wewe? Siku gani ni ngumu kwako?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Jumamosi," alisema. "Ndiyo siku wale wenzangu wanakuja kuniita. Na kila nikipita pale kwa fundi simu, nainama. Nataka kumwomba radhi, ila naogopa peke yangu."

Kesho yake baba mdogo alikwenda naye. Fundi simu aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa anaitengeneza.

"Umekuja kukagua kioo kipya?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee."

Fundi alikuna kidevu. "Jumamosi ijayo njoo ufute vumbi. Vumbi ukiliweza, nitakuonyesha simu inavyofunguliwa."

Afisa alikubali, na Jumamosi ikaandikwa kwa chaki. Wiki tatu baadaye wenzake walimpigia mluzi nje ya duka. Njiti alitoa kichwa, bisibisi mkononi. "Niko kazini," akasema, akarudi ndani.

Hakukosa Jumatano nyingine. Miezi sita ilipotimia, hakimu alisoma ripoti ya afisa, akafunga faili.

Jioni hiyo mama alilowesha kitambaa, akafuta Jumatano kwenye mlango wa kabati. Akasogeza mkono zaidi.

"Mama," Njiti alisema, "Jumamosi iache."

Mama akaiacha.