Matundu ya Penseli

Jamani, kwanza niwaambie kwamba sikuja hapa kuwasema wenye bastola. Mimi mwenyewe ninazo mbili, na mtu akizitukana mbele yangu tutakosana. Nimekuja kuwasema watu wema, wale wanaomhurumia mwenzao mpaka wanamponza. Namjua mmoja vizuri sana, kwa sababu kila asubuhi namnyoa ndevu.

Kilabu yetu ya shabaha iko nje kidogo ya mji, nyuma ya shamba la mahindi la akina Hostetler. Jumamosi saa tatu asubuhi mtatukuta pale, wazee kumi na mbili na kijana mmoja, binti anayeitwa Kendra, kila mtu na sanduku lake la mbao, chupa yake ya kahawa na stori zake za wiki. Kuna donati mezani. Mmoja anafuta bastola kwa kipande cha fulana kuukuu, mwingine anasimulia habari za goti lake. Kuna amani pale kuliko kanisani kwetu, maana kanisani watu hugombania viti.

Katika hao wazee alikuwepo Harlan Beecham, mwalimu mstaafu wa useremala. Jina lake limechongwa mara kumi na moja kwenye ubao wa mabingwa pale mlangoni. Mwaka ambao mke wangu aliniacha, Harlan ndiye aliyenikokota hadi uwanjani, akanitia mkononi bastola yake ya risasi ndogo na kuniambia, "Vuta pumzi, Wendell. Ukilenga na hasira utaua majani tu." Tangu siku hiyo yeye alikuwa meza ya sita na mimi meza ya saba. Tulikaa hivyo miaka kumi na tisa.

"Leo nakupa alama tano za bure," alikuwa akinichokoza, "usije ukaenda nyumbani unalia."

"Zitunze mzee, utazihitaji miwani yako ikiingia ukungu."

"Miwani naivaa kwa heshima tu. Wewe nakushinda hata nikifumba macho."

Sheria zetu ni chache na ni kali. Msimamizi akisema "Acha", kila mtu anatoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, anachomeka kipande cha plastiki ya njano kwenye chemba inapokaa risasi ili wote waone kwamba bastola ni tupu, anailaza mezani na kurudi nyuma hatua moja. Ndipo tunapokwenda kutazama karatasi zetu. Na hakuna anayejihesabia alama. Jirani yako ndiye anayekuhesabia, na yeye ndiye anayetia sahihi. Kwa hiyo karatasi za Harlan nilikuwa nazihesabu mimi.

Mambo yalianza kuharibika masika ya mwaka juzi. Asubuhi moja Harlan aliniuliza mara tatu magazini yake iko wapi, nayo ilikuwa mkononi mwake. Nilicheka, naye akacheka. Tulipokwenda kwenye shabaha nikakuta karatasi yake ina matundu manne. Alikuwa amepiga risasi kumi. Sita zilikuwa zimekwenda huko kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, na mwenyewe alikuwa anakuja polepole nyuma yangu huku akifuta miwani.

Penseli ya kawaida, ukiichomeka kwenye karatasi na kuizungusha kidogo, huacha tundu lenye ukingo wa kijivu, linalofanana sana na la risasi ndogo. Kila mlenga shabaha anaujua wizi huo, na ndiyo maana tunahesabiana. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anayehesabu ndiye atakayeiba kwa niaba ya mwenzake. Nilitazama huku na huku, nikachomeka mara sita, karibu na katikati.

"Tisini na moja kwa mia, mzee," nikasema.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Mbona nilihisi nimepiga ovyo?"

"Uzee umekutia adabu tu."

Alifurahi. Akaikunja, akampelekea mkewe, Nadine, ambaye alikuwa na desturi ya kuzibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku zenye sura za kuku. Nami nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema. Sitaki kuwaficha, nilipiga mluzi njia nzima.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila Jumamosi matundu ya Harlan yalipungua na ya kwangu yakaongezeka. Wenzangu waliona. Bert wa meza ya nane alikuwa akigeuza uso kila nikitoa penseli, na hakuwahi kuuliza neno. Tulikuwa tumekubaliana wote bila kukaa kikao.

Mwezi wa nane, msimamizi alisema "Acha" na sote tukalaza bastola mezani. Harlan hakulaza ya kwake. Aligeuka nayo mkononi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, akauliza, "Nadine yuko wapi?" Mdomo wa ile bastola ulimpitia Bert, ukampitia Kendra, ukaja kwangu. Nilimshika kiganja taratibu nikakishusha, nikamwambia Nadine yuko nyumbani anapika. Akasema ahaa.

Kendra ni fundi umeme, na maneno yake ni mafupi. "Hiyo inaandikwa kitabuni," alisema.

"Mzee kachoka, jua kali," Bert akajibu.

"Jua? Mimi nimeona ndani ya mdomo wa bastola. Kitabu kiko wapi?"

Mambo yakiandikwa kwenye kile kitabu cha makosa ya uwanjani, mtu anasimamishwa na familia yake inaitwa. "Kendra mwanangu," nikamwambia, "yule mtu alikuwa analenga hapa wewe hujazaliwa."

"Sawa, na mimi ningependa nife baada yake, sio kabla. Nipe kitabu, Wendell."

Sikumpa. Nilikuwa nimekikalia. Kendra alinitazama nilivyokaa, akafunga sanduku lake, na wiki iliyofuata hakuja. Tulisema kwamba vijana hawana uvumilivu.

Mwezi wa kumi Nadine alinipigia simu, akaniomba nipite wakati Harlan amelala mchana. Nilimkuta jikoni ameshakata pai ya tufaha. Mlango wa friji ulikuwa umejaa karatasi za shabaha kutoka juu hadi chini.

"Shemeji," alianza, "juzi kaniuliza nani kaniruhusu kuingia nyumbani kwake. Miaka arobaini na minne ya ndoa. Asubuhi akasahau kwamba aliniuliza, na mimi sikumkumbusha."

"Wazee sote tunasahau, shemeji."

"Kusahau nakujua, hata mimi nasahau. Huyu ananiangalia kama mwizi. Nataka kuichukua ile bastola nimpelekee kaka yangu. Lakini mwanetu Curtis kanikatalia kwenye simu. Anasema, 'Mama, mtu aliyepotewa na akili hawezi kupata tisini na nne. Usimnyang'anye baba kitu kimoja alichobaki nacho.' Na mimi nikiziangalia hizi karatasi nasema labda mwanangu anasema kweli, labda ni mimi ninayeona mabaya." Alinisogezea kiti. "Wewe ndiye unayesimama naye. Niambie ukweli tu. Bado anaweza, au hawezi?"

Niliangalia friji. Ile ya tisini na nne ilikuwa juu kabisa, chini ya kuku mwekundu, na ndani yake nilihesabu matundu yangu manane. Ndugu zangu, neno moja lingetosha. Lakini kusema hawezi ni kusema pia kwamba mimi ni mwongo, kwamba miezi saba nimemchezea mume wake kama mtoto. Nikaona haya. Nilimwonea Harlan haya, nikajionea na mimi mwenyewe.

"Yuko sawa, shemeji," nikasema. "Mkono wa Harlan ndio utakaozeeka mwisho."

Alishusha pumzi, akanishukuru, akanikatia kipande kingine cha pai. Nilikila chote.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa sita mchana, simu yangu ililia. Alikuwa Harlan, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Wendell, uko karibu?"

"Niko nyumbani, mzee. Kuna nini?"

"Kuna mama mmoja kaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Simjui. Nimempiga risasi. Hebu njoo, maana Nadine kaenda dukani, akirudi akikuta hivi ataogopa."

Niliita gari la wagonjwa, nikaendesha hadi kwake huku nikijua nitakachokiona. Funguo za Nadine zilikuwa bado zinaning'inia mlangoni. Mkate ulikuwa chini, na maziwa yalikuwa yamemwagika hadi kwenye friji. Bastola ilikuwa imelazwa mezani kwa utaratibu, magazini imetolewa, plastiki ya njano imechomekwa kwenye chemba, na Harlan amesimama hatua moja nyuma kama sheria inavyotaka. Mkono ulikuwa umeyakumbuka yote, isipokuwa mke. Alipiga risasi moja tu, na ilipita katikati kabisa. Hiyo haikuhitaji penseli yangu.

Baada ya maziko watu walisimama jikoni mle mle wakila keki na kusema ni bahati mbaya. Curtis, mwana wao wa pekee, alikuwa anaondoa karatasi kwenye friji moja moja. Akainua moja dirishani kwenye mwanga. Risasi hukata karatasi na kupita, lakini penseli huisukuma mpaka ikachanika, na kwenye mwanga tofauti huonekana. Aliinua ya pili, kisha ya tatu. Halafu akaja pale nilipokaa.

"Anko Wendell, karatasi hizi nani alihesabu?"

"Mimi."

"Nilimkatalia mama kwa sababu ya karatasi hizi."

"Najua, mwanangu."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alizipanga vizuri, akazigonga mezani zikawa sawa, akanipa. "Kaa nazo," alisema. "Ni zako kuliko za baba."

Harlan hakushtakiwa, maana akili yake haikuwepo. Yuko kwenye nyumba ya wazee ambayo milango yake hufungwa kwa nje. Mimi pia hakuna aliyenishtaki, kwa kuwa hakuna sheria inayokataza penseli. Kila Jumamosi saa tatu, badala ya kwenda uwanjani, nakwenda kukaa naye, na kila Jumamosi ananiuliza, "Nadine hajarudi dukani?" Mara tatu za mwanzo nilimwambia ukweli. Kila mara aliupokea msiba upya, akalia mpaka akazimia, na baada ya nusu saa akaniuliza tena. Muuguzi akaniomba niache.

Siku hizi namwambia, "Bado mzee, kuna foleni."

"Atakuwa anapiga soga na mwenye duka," anasema, na anatazama mlango.

Na uongo huu ndio unaofanya watu wanisifu.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi yasiyo yangu, na kifo kikamchukua yule aliyetaka kuyafichua. Basi nawaambia, mnaolenga shabaha na msiolenga. Mzazi wako, mume wako au rafiki yako akianza kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, usimwachie kitu kinachoua kwa sababu unaona haya kukiomba. Kaa naye mchana kweupe, umwambie ukimtazama usoni, kisha ukichukue. Akikutukana, mvumilie. Na mtu kama Kendra akiomba kitabu, inuka umpe.

Na wewe unayemhesabia mwenzako, hesabu yaliyopo. Manne ni manne. Ningesema manne siku ile, Harlan angeninunia mpaka Krismasi, na Nadine angekuwepo wa kutupatanisha.