Ngazi Iliyopimwa Kama Suruali

Fundi cherehani aliamka amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa jana. Chumba chake cha chini kilikuwa na kazi nyingi kuliko yeye. Ndimo alimoshonea, ndimo alimopikia, na tangu mama yake ahamie kwao, ndimo alimolala mama. Jua likizama, godoro lilitandikwa, na cherehani ikanyamaza. Nguo za wateja zikabaki zimekunjwa, hazijaguswa.

Juu kulikuwa na chumba kingine, chenye dirisha na upepo. Lakini njia yake ilikuwa ngazi ya kuegemeza ukutani, na magoti ya mama yalishaikataa.

"Kitendawili," mama alisema, amekaa kwenye godoro.

"Tega."

"Nina chumba, nakiingia kwa macho tu."

"Hicho si kitendawili, mama. Hiyo ni lawama."

"Basi nipe mji."

"Nitakupa ngazi," alijibu binti.

Mumewe, mwoka mikate, akaleta mbao. Fundi cherehani akaegemeza ubao mmoja toka juu hadi sakafuni, akaupima kwa futi yake ya nguo, kama apimavyo suruali. Mumewe akaanza kupigilia hatua kutoka chini, kila moja shibiri moja. Alipofika juu, hatua ya mwisho ikabaki ndefu kuliko zote, shibiri moja na nusu.

Mama akajaribu kupanda. Kwenye hatua ile ya mwisho mguu ukagonga, akayumba. Binti akamdaka.

Na balaa jingine: ngazi ilikuja moja kwa moja hadi katikati ya chumba. Cherehani ikasukumwa mlangoni, mtu hapiti.

"Ama mama apande, ama wewe ushone," mumewe alisema, anapangusa jasho. "Vyote viwili havitoshi humu."

Fundi cherehani alikaa juu ya kitambaa cha mteja, hata asione.

Alasiri jirani yao seremala alikuja kuchukua gauni lake. Watu walimwita Mama Randa. Akaitazama ngazi, akainamisha kichwa.

"Nani kapima?"

"Mimi," alisema fundi cherehani. "Kiunoni hadi kisiginoni."

Mama Randa akacheka hadi akashika mlango. "Dada, ukuta haukuja kushonewa suruali. Marinda unayafanyaje?"

"Napima upana wote, naugawa sawasawa, ndipo nakunja. Ukikunja kabla ya kugawa, rinda la mwisho linakuwa kituko."

"Umejijibu. Pima kwenda juu wima, sakafu hadi sakafu, kisha gawa sawasawa. Mguu hauna macho. Hatua ya kwanza huufundisha, na ya juu ikibadilika, mtu huanguka."

Akagusa mbao mbili za ubavuni. "Hizi ndizo mifupa, zinabeba zote. Kibao hiki cha kukanyagia kiwe kipana, wayo wote utulie. Ubao huu wa wima unaziba uwazi kati ya hatua na hatua. Pa kushikia pako wapi, shemeji?"

"Nilidhani ni urembo."

"Urembo ni hereni. Hapa pa kushikia ni mkono wa tatu wa mama."

Mumewe akajitetea. "Niliona ngazi inayozunguka nguzo kama konokono. Hiyo haili nafasi."

"Haili, kweli. Lakini upande wa nguzoni ni mwembamba mno kwa mguu wa mzee, na godoro halipiti."

"Na ile ya vikanyagio nusunusu? Mguu wa kulia kwake, wa kushoto kwake."

"Hiyo ni ya kijana anayefuata sanduku darini. Mama akianza na mguu usio wake, tutamwokota. Yenu ipite kwenye kona. Ipande ukuta huu, iwe na mahali bapa pa kupumzikia, igeuke, imalizie ukuta ule. Chini ya sehemu ya juu, weka cherehani."

Wakaibomoa, wakaanza upya kwa mbao zilezile na chache za kuongeza. Kazi ilikwenda polepole, kila jioni baada ya kazi nyingine. Siku moja mwoka mikate alisinzia na msumeno mapajani. Mkewe akautoa taratibu, akaendelea kupiga msasa mwenyewe.

Ilipokamilika, mama akashika pale pa kushikia, akapanda. Kwenye kona akapumzika, akawatazama.

"Mbona mnanitolea macho kama bibi harusi? Fanyeni kazi."

Akageuka, akamalizia. Chini ya ngazi, fundi cherehani alisikiliza nyayo zikipita juu ya kichwa chake, zote za mlio mmoja. Kisha kitanda cha chumba cha juu kikalia.

Akaketi kwenye cherehani. Mabega yalimuuma. Alishika suruali ya mteja, akasita asije akamwamsha mama.

"Mbona kimya?" sauti ikatoka juu. "Shona, mwanangu. Nikiisikia kwa mbali hivi, nitalala."

Akakanyaga pedali.