Sauti ya Mama Nzigire

Duka la Waafrika pale Louisville, Marekani, lilifurika watu Jumamosi ile, na kwenye rafu ilibaki pakiti moja tu ya samaki wadogo wakavu. Mikono miwili iliishika kwa pamoja.

"Kaka, niachie hiyo omena. Nimetoka Columbus," alisema mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri.

"Omena ni nini? Hii ni ndagala," alijibu mwenye viatu vizito vya ghalani na mwanya uliomfanya aonekane anacheka hata akinuna. "Na miye natoka kazini. Nani amechoka?"

"Wewe. Lakini mimi ndiye mzuri."

Wakacheka mpaka mwenye duka akawatazama. Wa shati jeupe ni Mutuku, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, mhasibu anayeishi Clintonville, mtaa wa Columbus. Wa viatu ni Balagizi, mzaliwa wa Bukavu aliyeletwa kama mkimbizi. Waligawana pakiti juu ya boneti ya gari, wakapeana namba, na mapenzi yakaanza kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Weye, umenikumbuka miye ao unakumbuka ndagala yangu?"

"Ndagala kwanza."

"Mushenzi weye!"

Balagizi alipokwenda Columbus kumtembelea, aliona kichupa cha vidonge kando ya mswaki, wazi kabisa. Akashtuka. Kwao kichupa kama hicho hufichwa chini ya godoro.

"Uko mugonjwa?"

"Zii, babe. Hii ni PrEP. Ni ya mtu asiye na virusi. Unameza kila siku, ukimwi haukupati. Si uende kliniki ya huko kwenu? Ni rahisi tu."

Ni rahisi tu! Sentensi hiyo naichukia. Rahisi kwa nani?

Balagizi alikwenda. Kiingereza chake kilikuwa cha kubeba maboksi, si cha kueleza kitanda chake, kwa hiyo daktari akaweka simu mezani ili mkalimani azungumze kupitia spika. Sauti ikasalimia. Balagizi aliitambua kabla salamu haijaisha. Ilikuwa ya Mama Nzigire, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, anayemjua kila Mkongomani wa Louisville na mama yake.

Daktari aliuliza swali fupi, la kawaida. Mama Nzigire akalirudisha refu.

"Bon, Balagizi mutoto yangu, dokta anauliza kama unalalaka na wanaume. Miye najua ni hapana, weye ni mutoto wa kanisa. Niseme hapana, si ni vile?"

Shati lilimlowa mgongoni. "Ni vile, mama."

"Sasa umekuja sababu ya nini?"

"Kikohozi."

Akatoka na dawa ya kikohozi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kuvuliwa nguo mbele ya kiongozi wa kwaya! Yule mama alilipwa apitishe maneno. Nani alimpa ruhusa ya kuyajibu?

Aibu humfanya mtu aongope. Balagizi alimwambia Mutuku kwamba dawa amepata. Pasaka ilipofika, Mutuku alikuja Louisville, akatundika mashati yake, akasema, "Lete zako, sweetie, tumeze pamoja."

"Zimeisha."

"Zimeisha aje? Si umesema umezipata juzi?" Akafungua kabati la bafuni. Palikuwa na dawa ya kikohozi tu. "Balagizi, unanidanganya kwa nini? Uko na mtu mwingine?"

"Usiniulize, Mutuku. Donc, usiniulize."

"Basi kaa na kikohozi chako!" Mlango ukabamizwa, mashati yakabaki yakining'inia.

Na kila Jumapili Mama Nzigire alimkumbatia mlangoni mwa kanisa akiuliza kwa sauti kama kikohozi kimepona. Balagizi hakuweza tena kuimba mbele yake. Akahamia Buffalo kwa binamu yake Gaël, mtaa wa Lower West Side, akapata kazi ya kiwanda.

Mutuku alipojua amehama, alipiga simu akiwa na hasira. Alikuta kubwa zaidi ikimngoja.

"Weye unasema enda kliniki, enda kliniki! Sababu Kiingereza yako iko sawa! Weye unaingia peke yako na dokta. Miye naingia na kanisa muzima! Alinijibia, Mutuku. Nilikuwa na mdomo, na akanijibia!"

Akaeleza yote. Mutuku aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua. Nakuja."

Aliendesha gari hadi Buffalo, na Balagizi alipofungua mlango alimkuta amevaa shati lenye mikunjo, kwa mara ya kwanza.

"Mashati yako ya pasi niko nayo hapa," Balagizi alisema, akalia, wakakumbatiana.

Wakaenda kliniki ya mtaa huo. "Nitakutafsiria mwenyewe," Mutuku aliahidi. Daktari akakataa: utaratibu hauruhusu jamaa kutafsiri, lazima apigiwe simu mkalimani wa kampuni, ile ile inayohudumia kliniki za nchi nzima. Simu ikawekwa mezani. Sauti ikasalimia kutoka Louisville, ikasikia jina la mgonjwa, ikachangamka.

"Eh! Balagizi mutoto yangu! Uko Buffalo?"

Mutuku akaruka. "Tunaomba mwingine!"

Balagizi akamshika mkono. "Hapana. Acha ni yeye."

Daktari akauliza swali lake fupi.

"Bon, anauliza tena ile kitu ya wanaume. Niseme—"

"Ngoja, mama. Usinijibie. Sema ndiyo. Sema nalalaka na mwanaume moja, jina yake Mutuku, ameikala hapa pembeni yangu, na namupenda. Nataka dawa ya kujikinga. Tafsiri."

"Eh, Balagizi..." sauti ikaanza. Balagizi akaisogelea simu.

"Mama Nzigire, unalipwaka juu ya ile. Tafsiri."

Akatafsiri. Taratibu, neno kwa neno, bila kuongeza lake. Kiingereza cha Balagizi kilikuwa kidogo, lakini neno la mapenzi alilijua, na alilisubiri mpaka alipolisikia likitoka kinywani mwa mama yule. Ndipo akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono mmoja atolewe damu ya kipimo. Wa pili uliendelea kumshika Mutuku.