Abiria wa Kona ya Saba

Shokapu ya nyuma ilibonyea. Haikubonyezwa na shimo wala jiwe, maana pikipiki ilikuwa imesimama. Ilibonyea taratibu, kama inavyobonyea mtu mzima anapopanda na kujiweka sawa. Rubani akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Rubani hakuwa rubani. Alikuwa muuza vigae vya bafuni, mwenye kitambi na jaketi la ngozi, aliyejibandika jina hilo mwenyewe siku aliponunua pikipiki kubwa, kisha akawaganda wenzake dukani mpaka wakalizoea. Kila Jumapili aliipandisha barabara ya mlimani. Bonde la kijani lilimfungukia chini ya miguu, ukungu ukateleza juu ya misonobari, na yeye haoni hata kimoja. Alikwenda kupigwa picha, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumpiga, alijipiga mwenyewe.

Siku hiyo alisimama kwenye kona ya saba, penye ukingo wa mawe, mahali ambapo madereva wa malori huzima redio na kupita kimya. Rubani akajirekodi kwa simu, anacheka: "Washamba wanasema hapa pana wenyewe. Haya, wenyewe! Aliyechoka kukaa juu apande, nimshushe mjini bure!"

Ndipo shokapu ilipobonyea.

Alijiambia ni uchovu wa springi, akawasha, akateremka. Kona ya sita alipolaza pikipiki kulia, uzito wa nyuma ulilalia kushoto. Kona ya tano alipolaza kushoto, uzito ukalalia kulia, tairi likalamba ukingo na kokoto zikamwagika bondeni. Alinusa majivu yaliyomwagiwa maji, akasikia ukucha ukigonga kofia yake ngumu kisogoni, mara moja kwa kila kona, bila haraka, kama mtu anayehesabu huku akipiga miayo. Shujaa wetu alifika chini analia.

Mke wake alikuwa uani anaanua nguo. Alikuwa muuguzi wa chanjo. Miaka tisa aliendesha pikipiki ya zahanati kwenye matope, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Lakini ufunguo wa hii ya mumewe hakuruhusiwa kuugusa. "Hii si ya kubebea sindano," ndivyo alivyoambiwa, tena mbele za watu.

Akanusa. Akashusha nguo mkononi.

"Umekuja na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Peke yangu. Kwani vipi?"

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kitu kikasema, "Mwongo."

Wiki nzima neno lilikuwa hilo hilo. Rubani akimwambia mteja kwamba vigae havipasuki: mwongo. Akisimulia alivyowapita vijana watatu mlimani: mwongo. Wateja walitazamana, wakatoka na pochi zao. Nyumbani kochi lilibonyea pembeni yake bila mkaaji, maji ya kunywa yakawa na ladha ya majivu, na mchana kweupe, mkewe akiwa anakunja mashuka, aliona jaketi la ngozi likijaa pale msumarini, mabega kwanza, kisha mikono, likatulia hivyo, limenona, likimtazama bila kichwa. Siku ya nane alimshika mumewe mkono, akampeleka kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani, mkali kama mwalimu wa hesabu. Hakupiga ngoma. Alifukiza, akasoma, kisha akamshika Rubani kidevu.

"Wewe uliye humo, unamtakia nini huyu?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa Rubani ilikuwa ya zamani na imechoka. "Nimtakie nini? Nani amtake huyu? Nilikaribishwa, nikapanda. Nilidhani nimepata mtu, kumbe nimepata jaketi. Nirudisheni kwangu."

"Atakurudisha yeye aliyekuleta."

Rubani akazinduka ghafla, na sauti yake mwenyewe ikarudi mbio. "Mimi? Hapana, mama. Mgongo unaniuma. Tena kesho nina mzigo dukani, na... na hata hewa ya mlimani hainifai."

Mganga alivua miwani, akaifuta, akamtazama mke kwa huruma. Mke alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Taratibu na klachi," Rubani alinong'ona. "Ni nyepesi sana."

Nje, penye pikipiki, mke alivaa kofia ngumu. Alipanda, akasubiri shokapu ibonyee, ikabonyea, akaondoka.

Alipanda mlima jua likiwa bado juu, na bonde lilikuwa zuri kiasi cha kuumiza, lakini mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwenye usukani kwa sababu baridi ilikuwa ikimwingia mgongoni, si baridi ya upepo bali ya kifua kilichoegemezwa pale bila mapigo, na harufu ya majivu ikamjaa puani, na kidole kikawa kinagonga kofia yake, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye akiomba kimoyomoyo asikosee gia, mpaka alipotambua, kwenye kona ya nne, kwamba abiria wake alikuwa akilalia upande ule ule aliolalia yeye, sawasawa, kama mtu anayemwamini dereva.

Kwenye kona ya saba alisimama bila kuzima injini. Shokapu ikainuka.

"Unaendesha vizuri," sauti ilisema kutoka penye mawe. Kisha ikamwuliza jambo.

Aliporudi nyumbani, Rubani alikuwa getini. Alizunguka pikipiki mara mbili, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tangi.

"Hujaikwaruza?"

Mke alivua kofia, akaiweka juu ya kiti.

"Ameshuka," alisema.

"Nilijua tu atashuka. Wanaogopa ukiwakazia." Akainuka, akajipangusa magoti. "Alisema chochote?"

"Aliuliza kama aje akuchukue."

Rubani alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia anipe muda nifikirie," mke alisema, akaingia ndani na ufunguo.