Aliyefungua Kitambaa Chekundu

"Usikiguse hicho, Fabiola. Hicho ni changu."

Mkono wangu ulibaki hewani. Kilikuwa kikombe cha bati jeupe, sawasawa na vikombe vingine vya nyumba kubwa, ila chenyewe kilitundikwa peke yake kwenye msumari, nje ya kibanda cha ndama. Mama alikuwa amehamia humo. Ndama hakuwepo tena, na mama yake ndama pia alishauzwa.

"Mama, Jumamosi nafunga ndoa. Utakaa humu mpaka lini?"

"Mpaka mwaka uishe."

"Na kanisani?"

"Sitakuja. Mwenye metimani haingii kwenye sherehe za watu, mwanangu. Nitawapeleka mkosi."

Kwetu Wairaqw, zamani, mtu akiguswa na kifo cha namna fulani, hasa cha mtoto ambaye hajazaliwa, alitengwa. Chombo chake peke yake, moto wake peke yake, hata njia ya kupita peke yake. Hiyo ndiyo metimani. Mapadri waliihubiri vibaya mpaka wakachoka, na watu wengi waliiacha. Mama yangu Konsolata, mwimbaji wa kwaya pale Endasak, aliirudia bila kuambiwa na mtu.

Na kwa desturi ningetengwa mimi, maana mimba iliyotoka ilikuwa yangu. Mama alikataa. Alisema atengwe aliyeua.

"Hukuua mtu, Mama."

"Ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa nani? Nani alikukamulia?"

"Ulichemsha."

"Nilikuwa na hakika nilichemsha. Sasa sina."

Nilitakiwa kulia hapo. Sikulia. Tangu siku ile hospitalini nilikuwa nimekufa ganzi. Watu walinipa pole, nikawa nawajibu asante kwa sauti ileile ninayoagizia glovu.

Ndiyo, glovu. Kazi yangu ilikuwa usalama. Chuo kikuu kilikuwa na kituo cha utafiti Hirbadaw, pembeni ya mashamba ya ngano ya serikali, kikichunguza magonjwa ya ng'ombe wa wafugaji wa tambarare. Wenzangu walichunguza vimelea. Mimi nilihakikisha vimelea haviondoki na watu kwenda nyumbani. Nani aingie maabara, avae nini, anawe wapi, kipi kichomwe. Waliniita Mama Usalama, wengine kwa heshima, wengine kwa kunichoka.

Sheria yangu iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya kitambaa. Mashine ikiharibika nafunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na hakuna wa kukifungua ila mimi, au yule niliyemwachia nafasi yangu nikisafiri.

Nikisafiri nilimwachia Nicodemo Sulle. Ningemwachia nani mwingine? Alikuwa mtafiti, tena alikuwa mume wangu. Mahari alishamaliza, wazee walishatubariki, tuliishi nyumba moja pale kituoni, likabaki kanisa tu. Mkitaka kujua nilimpendea nini, mtacheka: kunawa mikono. Alikuwa mtu pekee kituoni aliyenawa mpaka kwenye kiwiko bila mimi kusimama nyuma yake.

Homa ilianza baada ya mavuno ya ngano. Leo nipo, kesho natetemeka, viungo vinauma kama nimebeba magunia. Halafu mimba ikatoka. Hospitali wakapima damu, wakasema ni bruseli, ugonjwa ambao wafugaji wanauita wa kutupa mimba, kwa sababu ng'ombe akiupata ndivyo anavyofanya.

"Mnakunywa maziwa mabichi?" daktari aliuliza.

Mimi nilikuwa nimelala, Mama amekaa miguuni pangu. Nicodemo akajibu kabla yetu.

"Kwao Endasak, daktari. Unajua tena vijijini. Wiki iliyopita alikuwa huko."

Mama alitazama mikono yake. Aliporudi nyumbani akamuuza ng'ombe kwa mchinjaji, akahamia kibandani.

Basi, siku ile ya kikombe nikarudi Hirbadaw bila Mama na bila jibu. Niliingia chumba cha simu ya upepo kuomba gari la arusi. Simu hiyo ukiongea, mashamba yote ya ngano yanakusikia, na hakuna aliyewahi kujifanya hasikilizi. Aliyeiendesha alikuwa Tadei, mtu wa makamo, mpole.

"Shikamoo, kaka Tadei."

"Marahaba, Mama Usalama. Mama yetu hajambo?"

"Hajambo. Hataki kuja."

Kabla hajanipa pole, simu ikakoroma.

"Hirbadaw, Hirbadaw, hapa Arusha. Fundi Joakimu anaongea. Mnanipata? Ova."

"Tunakupata, fundi. Ova."

"Nauliza lile kabati la maabara, lenye feni ya kuvuta hewa. Mliniambia nisubiri gari baada ya mavuno. Ngano imekwisha, gari silioni. Bado mnataka nije kulitengeneza, au mmepata fundi mwingine? Ova."

Tadei alinigeukia. Nilichukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Joakimu, ni Fabiola. Kabati si ulilitengeneza nilipokuwa kwenye mkutano wa chuo? Ova."

"Dada Fabiola, mimi mwaka huu sijakanyaga Hirbadaw. Ova."

"Nimekupata. Asante. Ova."

Nilirudisha kipaza sauti mahali pake, nikaufuta mkono kwenye sketi. Kabati lile ni la kufungulia chupa za vimelea. Feni ikifanya kazi, hewa inavutwa ndani, mbali na uso wa mtu. Feni ikigoma, mtu anavuta kilichomo kwenye chupa. Nililifunga kitambaa mwenyewe kabla ya safari. Niliporudi kitambaa hakikuwepo, nikamuuliza Nicodemo.

"Fundi alikuja?"

"Alikuja. Limepona. Nimelipima kwa moshi mwenyewe, mke wangu, umevutwa wote ndani, kama ulivyonifundisha."

Siku hiyohiyo akaniomba nimsaidie sampuli, kwa kuwa vijana wa maabara walikuwa wamekwenda mavuno. Akanivutia kiti mbele ya kabati. Nakumbuka alikifuta vumbi.

Nilimkuta nyumbani anapiga pasi suti ya arusi.

"Fabi, umerudi? Mama amekubali?"

"Joakimu amepiga simu kutoka Arusha."

Pasi ya mkaa ilisimama.

"Anasemaje?"

"Anauliza aje lini kutengeneza kabati."

Nilisikia harufu ya suti ikianza kuungua, nikaiinua pasi, nikaiweka pembeni. Mazoea ya kazi.

"Kitambaa ulifungua wewe?"

"Fabi, nisikilize."

"Jibu."

"Nilifungua. Sampuli zilikuwa zinaharibika! Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha, wafadhili walikuwa wanakuja, na ile ni shahada yangu. Feni haikufa kabisa, ilikuwa inavuta kidogo."

"Ulilipima kwa moshi?"

"Hapana."

"Wewe ulipofanya kazi pale, ulivaa barakoa?"

Aliangalia chini.

"Nilivaa."

"Mimi hukuniambia nivae."

"Ningekuambia ungejua! Nikasema ni mara moja tu, chupa chache tu."

"Ulijua nina mimba."

"Nilijua."

"Na hospitalini ulijua kwamba si maziwa."

"Sikuwa na hakika. Fabi, haki ya Mungu, sikuwa na hakika! Ingeweza kuwa maziwa. Nililia kuliko wewe, mtoto alikuwa wangu pia. Wewe hukulia hata kidogo!"

Hilo lilikuwa kweli. Alilia sana. Hata wakati ule alikuwa analia, machozi yanadondokea shati, na mimi nikawa namtazama nikijua kwamba nampenda, kama mtu anavyojua kuwa ana mguu hata ukiwa umekufa ganzi. Kumchukia ningeweza kesho. Siku ile sikuweza chochote.

"Mama yangu analala kwenye kibanda cha ndama, Nicodemo."

"Nitamwomba radhi. Jumamosi ikishapita twende wote, nimpigie magoti. Lakini usilipeleke chuoni. Watanifukuza. Tulimalize humu ndani, mimi na wewe."

"Tadei aliingia maabara wiki ileile. Na vijana wawili walipotoka mavunoni. Nao tuwamalizie humu ndani?"

Nilivua pete ya uchumba, nikaiweka kwenye bakuli la spiriti tulimozoea kuacha saa zetu tukitoka kazini.

Nilirudi kwa Tadei.

"Nipishe, kaka."

"Mashamba yote yako hewani, Mama Usalama. Wamemsikia fundi, wanasubiri."

"Wasikie na hili."

Nilishika kipaza sauti. Sauti yangu ilitoka nyoofu, ileile ya kuagizia glovu.

"Vituo vyote, hapa Hirbadaw, msimamizi wa usalama. Maabara imefungwa kuanzia sasa. Kabati la vimelea lilitumika likiwa bovu. Yeyote aliyeingia humo tangu mavuno yaanze aende hospitali akapimwe damu, hata kama hana homa. Aliyefungua kitambaa ni mtafiti Nicodemo Sulle. Mgonjwa wa kwanza ni mimi. Ova."

Nikabonyeza tena.

"Na aliyewahi kusikia kwamba ni maziwa ya mama yangu, ajue si kweli. Ova."

Sauti ya mtu mzima ikatoka shamba nisilolijua.

"Tumekupata, binti yangu. Pole. Ova."

Nilifunga kitambaa kwenye mlango wa maabara, mafundo mawili, nikadandia lori la ngano lililokuwa linakwenda Arusha kupitia Endasak. Tulipofika Mogitu dereva alinipa muhindi wa kuchoma. Niliula wote bila kuonja ladha yake.

Mama alikuwa kibandani anachambua maharage. Nikachuchumaa nje ya kizingiti, nikamweleza yote, kabati, feni, kitambaa, kiti kilichofutwa vumbi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, Mama."

"Nilimpeleka kwenye kisu mnyama mzima." Alirudi kwenye maharage, akatupa bovu moja. "Na yule kijana wako aliniangalia nikimfunga kamba. Alinisaidia kumfunga."

Hilo sikuwa nalijua.

Tukasikia pikipiki ya kituo. Nicodemo alisimama kwenye uzio na vumbi la njia nzima usoni, suti ya arusi mkononi, sijui aliibebea nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama alisema, kwa kuwa salamu hainyimwi. Akatoka kibandani, mara ya kwanza naona anasimama wima tangu hospitalini. "Simama hapohapo. Usiingie."

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikosa."

"Mimi nimekaa humu kwa ajili ya mtoto, nikidhani ni mkono wangu. Sasa natoka. Nafasi hii ni yako."

"Mama, hizo mila zimepitwa na wakati…"

"Basi kaa na elimu yako peke yako. Ni kukaa peke yako vilevile."

Nicodemo alinigeukia mimi.

"Fabi, sema kitu. Kwa hiyo tumeachana?"

"Tumeachana, Nicodemo. Wazee watakuja kuongea na wazee wenu."

"Hata hunipigii kelele?"

"Sina kelele. Nilikuamini kuliko moshi."

Alisubiri. Nadhani alitaka nimtukane, ingempunguzia kitu. Halafu akawasha pikipiki, na suti akaisahau juu ya uzio. Mama aliitoa, akaikunja, akasema atampa mtu wa kwaya.

Nikaenda kwenye ule msumari, nikatoa kikombe. Mama aliona, safari hii hakusema nisikiguse. Nilimimina maji moto kwenye beseni, nikatumbukiza kikombe chake pamoja na vile vingine vyote, nikavisugua kwa majivu, nikavisuuza, nikavipindua mezani ndani ya nyumba kubwa, vikikaa ovyo ovyo. Kazini kwangu kuchanganya vyombo namna hiyo ni kosa la kufukuzwa.

Nilichemsha chai ya maziwa tuliyopewa na jirani. Niliyaacha yachemke, yakapanda, nikayashusha, yakapanda tena. Mama alisimama mlangoni akiangalia, hajaingia bado.

"Changu ni kipi?" aliuliza.

Nilivitazama vile vikombe. Vilifanana vyote.

"Sijui, Mama."

Alisogea mpaka mezani, akaviangalia kimoja kimoja. Akachukua kimojawapo, akaninyooshea nimmiminie. Hapo ndipo birika lilipogonga ukingo wa kikombe, na nikalia, kwa sauti, mpaka majirani wakaja. Mama alikamata birika kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine, akamimina mwenyewe, tukanywa.