Damu ya Mtoto wa Swaumu

Mwaka 1998 ufuta ulistawi sana Mandawa. Kila nyumba ilikuwa shambani, ikikata na kusimamisha mafungu yakauke. Swaumu naye alikata mpaka uchungu ukamshika. Zahanati ilikuwa mbali, akajifungulia nyumbani. Mama yake Swaumu alimfunga mtoto kitovu kwa uzi safi, lakini hakuukaza. Kisha wakamfunika mtoto vizuri, na hakuna aliyefunua tena kuangalia. Ndivyo tulivyo. Mtoto akishafunikwa, tunaona kazi imekwisha.

Asubuhi nguo zilikuwa zimelowa damu. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Adinani, mume wa Swaumu, aliufunga upya uzi akaukaza. Wakapanda lori la ufuta mpaka hospitali.

Walipokelewa na Dakta Hajira, daktari wa watoto wachanga. Alikiangalia kitovu, akamchoma mtoto sindano ya kuzuia damu kutoka, akamweka kifuani kwa mama apate joto. Kisha akasema mtoto anahitaji kuongezewa damu.

Swaumu akainama. "Damu hapana, Dakta. Mpaka kaka aseme."

Kaka yake aliitwa Abubakary. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Adinani alikuwa ameoa tu pale, hakuwa na sauti. Abubakary alikwisha kusema katika msiba mmoja, mbele ya ukoo mzima, kwamba damu ya hospitali inaleta ukimwi, na asiwekewe mtoto wao yeyote. Siku hiyo alikuwa kwenye mikorosho yake kule Mtua. Kumfuata na kurudi naye kungechukua mpaka kesho.

Mtoto akaanza kuguna kila akipumua.

Nesi Agapiti alimvuta daktari mlangoni. Alikuwa kijana mwema, na alikuwa amechoka kuona watoto wakifa. Alinong'ona kwamba wamwambie mama ni dawa tu, na chupa ya damu waifunike kwa kitambaa.

"Mtoto akipona, nani atamlea?" daktari alimuuliza.

"Mama yake."

"Basi ndiye wa kuambiwa ukweli. Tukimdanganya akajua, hataleta mtoto hapa tena. Na majirani zake hawataleta."

"Muda hatuna, Dakta."

"Ndiyo maana naenda kumwambia sasa hivi. Wewe mwombe baba akubali kupimwa damu. Mweleze ni ya kazi gani."

Daktari alichuchumaa kando ya kitanda. Alisema polepole.

"Swaumu, mtoto amepoteza damu nyingi. Bila damu, naona atakufa leo. Akiwekewa anaweza kupona, lakini siwezi kukuapia. Damu tutaipima ukimwi kwanza. Kipimo ni kizuri, ila hakuna kipimo kisichokosea kabisa. Hatari hiyo ni ndogo sana kuliko hii unayoiona."

Swaumu aliuliza ni damu ya nani. Akaambiwa ni ya mumewe, kama itapatana na ya mtoto.

"Nikikubali akafa, kaka atasema nimemuua."

"Nitaongea naye mimi. Kumheshimu kaka yako ni vizuri, lakini mtoto hawezi kumsubiri. Ninyi ndio wazazi wake. Nawauliza ninyi."

Swaumu alilia. Aliogopa kumpoteza mtoto, na aliogopa kumpoteza kaka. Akamtazama Adinani. Adinani alikuwa tayari amekunja mkono wa shati. Akatazama kifua cha mtoto, jinsi kilivyokuwa kikibonyea.

"Mwekee," alisema.

Damu ilipimwa, ikafaa. Iliingia tone kwa tone, na Swaumu hakuuachia mguu wa mwanawe. Kuna wakati mtoto alitulia mno, Agapiti akaja mbio na kifaa cha kusikilizia moyo. Ulikuwa unapiga. Jioni midomo ikarudi rangi yake. Mtoto akalia, akatafuta ziwa.

Kesho yake Abubakary, aliyekuwa amefikiwa na habari za damu, aliingia wodini na vumbi la safari. Hata salamu hakutoa. Aliuliza nani ametoa ruhusa.

Agapiti alitaka kujibu, daktari akamzuia kwa mkono.

"Mimi na baba yake," Swaumu alisema. "Daktari alituambia yote, mazuri na mabaya. Tukaamua."

Abubakary akamgeukia daktari. Dakta Hajira alimpa kiti, akamweleza kila kitu kama alivyomweleza dada yake. Alimwambia pia kwamba mama mjamzito awahi zahanati, na kwamba kitovu kikazwe sawasawa na kuangaliwa mara kwa mara. Kikitoa damu, mtoto akimbizwe hospitali.

Abubakary alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Kama wangenisubiri?"

"Usingemkuta."

Alimtazama mtoto kifuani kwa mama yake.

"Swaumu," alisema, "siku nyingine mkiuguliwa na mtoto, msinisubiri. Nitakuja nyuma."

Kisha akanyoosha mikono apewe mpwa wake.