Nisomee Usoni Mwangu

Suti aliyovaa Gyumin asubuhi ile ilikuwa ya kuazima, na pale soko la Mangwon kila mwenye macho aliliona hilo. Mikono ilimfika vidoleni, tai ilimkaba kama mtu aliyefungwa na adui yake. Alipenya katikati ya wauza figili na wauza samaki, akaingia mgahawa mdogo wa supu uliojaa pomoni, akakalia kiti cha pekee kilichokuwa wazi.

"Supu ya mwani, dada. Haraka tafadhali, nina usaili saa nne."

Mwenye mgahawa, Haewon, alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani na aproni ya buluu yenye madoa ya kimchi, achari ya kabichi na pilipili. Aligeuka na upawa mkononi.

"Una nini saa nne?"

"Usaili. Ofisi ya wilaya."

"Na unataka kula mwani? Kaka, umerogwa? Mwani unateleza, na wewe utateleza nao. Sikuuzii!"

Wateja wakaangua kicheko. Gyumin akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Basi nipe utakacho wewe."

"Supu ya mifupa, usimame imara. Ukiipata kazi uje uniambie. Ukiikosa, usije kunilaumu."

Kazi aliipata. Siku majibu yalipotoka alirudi mbio na boksi la stroberi, safari hii amevaa sweta lake mwenyewe, na kusema kweli alikuwa kijana mtanashati.

"Sasa naruhusiwa mwani?"

"Sasa teleza upendavyo."

"Nikiteleza utanidaka?"

"Inategemea una kilo ngapi."

Hapo mambo yakaanza. Hayakuwa na haja ya kuelezwa na mshenga.

Haewon alikuwa na chaneli yake ya video. Aliegemeza simu kwenye mabakuli yaliyopangwa, akapika, akala, akapiga soga na watu asiowaona. Watazamaji hawakuwa wengi sana, ila walimpenda, na baadhi yao walikuja sokoni kula. Gyumin naye aliangalia kila video akiwa kazini, kisha akapiga simu.

"Leo umekula kwa sauti mpaka bosi wangu kaona njaa."

"Mwambie bosi wako aje. Kwake bei ni mara mbili."

Mwezi Machi ikafika siku ya kuzaliwa ya Gyumin. Haewon akampikia supu ya mwani, akaitia samaki bapa mzima, jinsi mama yake alivyoipika kule kwao pwani ya mashariki. Mama yake alikufa Haewon akiwa shuleni bado. Hakumwachia shamba wala nyumba, alimwachia supu ile. Akairekodi: "Leo nampikia mtu wangu. Jina simtaji, asije akavimba kichwa." Gyumin akala mabakuli matatu.

Kisha akaenda kwa mama yake, na hapo ndipo alipokosea. Kwa desturi yao, supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa ni ya mama! Mama huinywa akishakuzaa, na kila mwaka anakupikia mpaka azeeke. Mama Gyumin, mjane mwenye mtoto huyo mmoja, alikuwa jikoni toka alfajiri. Kijana akaingia, akaitazama supu ya mwani na nyama inayofuka moshi, akasema, "Mama, nimeshiba." Mwana gani anafika kwa mama yake siku kama ile akiwa ameshiba? Supu ikapoa mezani.

Kesho yake, chini ya video ya Haewon, mtu aliyejiita Ua la Pichi aliandika: "Samaki ndani ya supu ya mwani? Asiyefunzwa na mamaye ndiye huyu. Au mama yake alikufa kwa aibu ya kuzaa kitu kama hiki?"

Mamia ya watu wakaipenda. Watu wabaya jamani! Wengine wakaongeza yao, na kwenye kila video mpya Ua la Pichi alikuwa wa kwanza kufika. "Mdomo kama wa kambare." "Wanawake wa namna hii ndio wanaowaiba watoto wa watu." Haewon alijifungia stoo, kati ya magunia ya mchele, akasoma yote tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudia. Akaanza kula mbele ya kamera huku ameziba mdomo. Halafu siku moja Gyumin akaagiza supu ya mwani, akaletewa ya nyama.

"Samaki yuko wapi?"

"Sipiki tena ile."

"Haewon! Ile si supu ya mama yako?"

"Ndiyo maana. Kila nikimtia samaki chunguni, namsikia yule mtu anamtukana mama yangu. Acha ipotee."

Gyumin akapiga meza. "Haipotei! Tunamshtaki. Matusi ni kosa, polisi watamtafuta. Nitakusindikiza mwenyewe."

Akamsindikiza kweli. Alichapisha maneno yote kwa mashine ya ofisini, akakaa naye kwenye benchi la kituo, akamshika mkono.

"Niahidi kitu," akamwambia. "Watu hawa wakikamatwa huja kulia na kuomba suluhu. Huyu hata akipiga magoti, usimsamehe."

"Naahidi."

"Sema tena."

"Hata akipiga magoti, mpenzi. Naahidi."

Ilikuwa Aprili, maua ya cheri yanapukutika, Haewon anakata vitunguu, simu ya mpelelezi ilipoita. "Laini imesajiliwa kwa jina la Pyo Gyumin. Unamfahamu?"

Kisu kikamdondoka. Akampigia Gyumin.

"Uko wapi?"

"Kazini, laazizi. Umekula?"

"Ua la Pichi amepatikana."

"Afadhali! Ni nani huyo mshenzi?"

"Ni wewe."

Gyumin alitaka kucheka. Kisha akakumbuka. Laini zilizosajiliwa kwa jina lake zilikuwa mbili. Moja yake. Ya pili alimnunulia mama yake alipopata kazi, simu kubwa ya maandishi makubwa, akaisajili kwa jina lake ili ailipie yeye kila mwezi, kama watoto wote wema wafanyavyo. Na alimfundisha mwenyewe kutazama video, ili asikae mpweke.

"Gyumin, sema si wewe. Neno moja tu, nitakuamini."

Akamwona akilini mama yake kwenye lile benchi la kituo, na koti lake la kijivu, akichukuliwa alama za vidole.

"Ni mimi," akasema.

Mjinga huyu! Alidhani anamwokoa mama, kumbe anamchoma mwingine kisu. Upande wa pili kilisikika kilio kifupi.

"Ulinishika mkono," Haewon akasema. "Ulikaa kwenye benchi ukanishika mkono."

"Haewon..."

"Usikanyage tena kwangu. Tutaonana kwa mpelelezi."

Jioni Gyumin alisimama mlangoni kwa mama yake bila kuvua viatu.

"Mama, wewe ndiye Ua la Pichi?"

Mama Gyumin alikuwa anamenya peasi. "Si jina tu la kwenye simu? Kila mtu anaandika. Ni maneno ya hewani, nani anayajali?"

"Yule msichana uliyemtukana ndiye niliyetaka kumleta hapa. Ile supu alinipikia mimi. Ndiyo iliyonishibisha siku ile."

Kisu kikasimama juu ya peasi.

"Nimesema ni mimi niliyeandika," Gyumin akaendelea. "Usiende popote, usiseme kitu."

"Na kazi yako? Si bado uko kwenye majaribio? Wakikufungulia kesi si watakufukuza?"

"Watanifukuza. Basi."

"Na yeye?"

Gyumin akageuzia uso mlangoni. Alikuwa analia kama alivyolia utotoni, akijifuta kwa mkono wa shati. Mama yake alikuwa hajamwona hivyo tangu mazishi ya baba yake.

Siku ya pili, mchana wa wateja wengi, mwanamke wa makamo aliingia kwa Haewon. Alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi, pini ya lulu kifuani, midomo imepakwa rangi kidogo.

"Karibu mama. Nikupe nini?"

"Supu ya mwani. Ya samaki."

"Siku hizi hatupiki ya samaki. Kuna ya nyama."

"Kwa nini hampiki?"

"Yamenishinda tu, mama."

Mwanamke akalishika bakuli la maji kwa mikono miwili. Maji yakamwagika mezani.

"Ni mimi niliyekushinda," akasema. "Mimi ndiye Ua la Pichi. Mwanangu Gyumin hana kosa. Simu ni yangu."

Wateja wakageuka. Haewon alimtazama kuanzia pini mpaka viatu. Wiki zote hizo alikuwa akimchora mtu huyu kichwani: kijana mlevi, jitu lenye meno mabovu. Hakumchora mama wa mtu mwenye pini ya lulu.

"Una simu hapo?"

"Ninayo."

"Itoe. Nisomee usoni mwangu."

"Binti, nimekuja kuomba radhi..."

"Radhi baadaye. Ulipoandika hukuniona. Sasa unaniona. Soma!"

Mama Gyumin akavaa miwani. "Samaki ndani ya supu ya mwani," akasoma. "Asiyefunzwa na mamaye ndiye huyu. Au mama yake..."

Akavua miwani.

"Endelea. Au mama yake nini?"

"Siwezi."

"Uliweza kuandika! Mama yangu alikufa nina miaka kumi na sita. Alikuwa akinichagulia miiba ya yule samaki kwa vidole vyake. Soma alikufa kwa nini!"

Mama Gyumin akashuka kitini, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu iliyolowa, na koti lake la kutokea. "Mwanangu alikuja kwangu ameshiba," akalia. "Nikaona video, msichana anacheka, anampikia mtu wake. Nikasema, huyu naye kamshibisha mtoto wa nani? Nikaandika. Watu wakanisifu. Hakuna aliyenisifu siku nyingi. Nikaandika tena."

Haewon akachukua simu yake mwenyewe, akampigia Gyumin. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Ulinidanganya," Haewon akasema mara Gyumin alipopokea.

"Ni mama yangu, Haewon."

"Na mimi nani? Mimi ndiye wa kuamini kwamba ulinishika mkono huku ukinitukana? Uliona hilo ni dogo?"

"Si dogo. Nisamehe. Nilikuwa mwoga."

"Uliniapisha nisimsamehe hata akipiga magoti. Haya, yuko hapa mbele yangu amepiga magoti. Nifanye nini?"

Gyumin akajibu kwa sauti ndogo: "Sina haki ya kukuambia tena."

"Hilo ndilo neno la kwanza la maana ulilosema wiki hii. Njoo umwinue mama yako, mimi nina wateja."

Msidhani aliwasamehe siku ile. Hakuwasamehe. Mashtaka aliyafuta baada ya wiki, kwa mpelelezi, bila kuwaarifu. Gyumin alipiga simu kila jioni, na kila jioni ilikatwa, mpaka siku moja ikapokelewa: "Umekula?" Akasema hapana. "Shauri yako," ikakatwa. Gyumin akacheka peke yake, kituo kizima cha treni kikimtazama.

Juni ikafika siku ya kuzaliwa ya Haewon. Hakumkumbusha mtu. Alifungua mgahawa kama kawaida, akawakuta wawili wamesimama mlangoni. Gyumin alikuwa na suti, safari hii ya kwake. Mama Gyumin amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, koti lake limejaa magamba ya samaki.

"Usinishukuru," mama akasema haraka. "Sijui kuipika. Samaki amevunjika vunjika."

Haewon akafungua kifuniko. Mvuke wa mwani na samaki bapa ukampanda usoni. Akaonja.

"Haina chumvi," akasema.

"Nilijua!"

"Na miiba imejaa."

Mama Gyumin akakaa karibu naye, akavuta bakuli, akaanza kuichambua miiba kwa vidole, mmoja mmoja, akiiweka pembeni mwa sahani. Haewon aliitazama ile mikono. Tangu mama yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumpikia supu hii. Machozi yakamwanguka bakulini, naye hakuyafuta.

Gyumin akasogea mezani. "Haewon, nataka kukuuliza jambo. Mbele ya mama. Je, utakubali..."

"Nyamaza kwanza," Haewon akasema, akichukua kijiko. "Supu yangu itapoa."